Kenya: Sanduku la huduma ya kwanza halitoshi bila mtu aliyefunzwa

Nchini Kenya, wajibu wa kumhudumia mfanyakazi anayeumia kazini huanza kabla ya ajali kutokea. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwenye eneo la kazi aweke sanduku au kabati la huduma ya kwanza mahali panapofikika kwa urahisi, likiwa chini ya msimamizi anayepatikana saa za kazi.

Msimamizi huyo ndiye kiini cha sharti hilo. Ubongo uliokosa oksijeni huanza kudhurika ndani ya dakika chache, mara nyingi kabla ya gari la wagonjwa kufika. Aliyefunzwa hujua kugandamiza jeraha linalovuja damu nyingi, kupoza sehemu iliyoungua kwa maji yanayotiririka kwa dakika 20, na kukandamiza kifua cha mtu ambaye moyo wake umesimama, mara 100 hadi 120 kwa dakika.

Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini, nayo ya mwaka 2007, inamtwika mwajiri jukumu la kumfikisha majeruhi penye matibabu. Ajali ikisababisha kifo, ofisa wa usalama na afya wa eneo hilo sharti aarifiwe ndani ya saa 24, na taarifa ya maandishi ifuate ndani ya siku saba.

Saa za kazi ni pamoja na zamu ya usiku. Kiwanda kinachofunza watu wa mchana pekee huwaacha wa usiku na sanduku tu.