Siku Tatu Old Moshi

Mgeni akifika mjini Moshi na kuulizia mambo ya kale, aghalabu huelekezwa kwenye stesheni ya reli. Si vibaya. Reli ya Wajerumani iliyoanzia Tanga ilifika pale mwaka 1911, na kituo kikaitwa Neu-Moschi, yaani Moshi Mpya. Mji ukakua kuizunguka stesheni, maduka yakajengwa, chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa, KNCU, kikaanzishwa mwaka 1933, na neno "mpya" likasahauliwa. Basi mji uliozaliwa jana ukabaki na jina, na wenye jina lao kule mlimani wakaambiwa kwamba wao ndio Old Moshi. Hata kata zao huandikwa hivyo hivyo: Old Moshi Mashariki na Old Moshi Magharibi.

Mimi ni mzaliwa wa Marangu, na marehemu mke wangu alikuwa wa Old Moshi. Nimefundisha walimu na kuongoza chuo kwa miaka mingi. Niliwapeleka wanachuo Bagamoyo, nikawapeleka Olduvai wakaone mahali lilipopatikana fuvu la Zinjanthropus mwaka 1959. Ukweni kwangu sikumpeleka hata mwanachuo mmoja. Nilikwenda huko kwenye misiba na arusi, nikanywa mbege, nikarudi.

Ijumaa ya tarehe 26 Aprili, 2024, Muungano ulipotimiza miaka 60, mjukuu wangu wa kidato cha tatu alikuwa nyumbani kwa mapumziko. Aliniuliza, "Babu, Mangi Meli alinyongwa wapi?" Nikamjibu, Old Moshi. "Old Moshi sehemu gani?" Nikababaika kama mwanafunzi asiyefanya zoezi. Mchana ule tukafunga mizigo.

Masika ilikuwa imepamba moto. Gari lilitushusha kabla ya mwisho wa safari kwa sababu ya tope, nasi tukapanda kwa miguu katikati ya migomba na mibuni. Mifongo ilijaa maji, na kwenye mipaka ya vihamba masale yalikuwa yameoshwa yakang'aa. Shemeji yangu, mzee kunizidi, alitupokea kwa mwavuli na maneno ya utani juu ya watu wa Marangu na miguu yao.

Jumamosi alitutembeza. Alituambia habari za Mangi Rindi, ambaye Wazungu walimwita Mandara, aliyetia saini mkataba na Mjerumani Jühlke mwaka 1885. Rindi alifariki mwaka 1891, na mwanawe Meli, kijana bado, akashika kiti. Mwezi Juni 1892 Wajerumani walipanda kumshambulia wakiongozwa na von Bülow. Meli akawashinda, na Bülow mwenyewe akafa. Jambo hili nilikuwa nalifundisha kwa sentensi moja. Ukisimama pale, ukaona jinsi mabonde yalivyo na kina na jinsi migomba inavyoficha mtu asionekane hatua kumi, unaelewa kwa nini askari wenye bunduki za kisasa walishindwa. Mwezi Agosti 1893 von Schele alirudi na jeshi kubwa zaidi, na safari hii Meli akashindwa.

Tukafika Tsudunyi, kwenye mti. Tarehe 2 Machi, 1900 Meli alinyongwa hapo pamoja na viongozi wengine, miongoni mwao Ngalami wa Siha na Molelia wa Kibosho, wakidaiwa kula njama dhidi ya Wajerumani. Husimuliwa kwamba kichwa cha Meli kilipelekwa Ujerumani. Mwaka 2023 wataalamu wa Berlin walitangaza kwamba vinasaba vya mafuvu kadhaa vililingana na vya jamaa walio hai wa Kilimanjaro. La Meli halikuwamo. Ipo sanamu yake, iliyozinduliwa mwaka 2019. Mjukuu wangu aliitazama sana, kisha akauliza ni nani aliyewapelekea Wajerumani habari za njama hiyo.

Shemeji hakujibu mara moja. Mimi nilijua jibu linalotajwa: Mangi Marealle wa Marangu, hasimu wa Meli na rafiki wa Wajerumani. Kwetu tulilelewa tukimsifu kwa akili yake.

"Shemeji," akasema, "ulipoleta posa, baba yangu hakulala usiku kucha. Alisema, tutampaje binti yetu mtu wa Marealle?"

Nilikaa na mke wangu miaka 43. Sikuwahi kulisikia hilo. Nikauliza kama yeye mwenyewe alijua.

"Ndiye aliyetukataza kukuambia."

Nilitamani kujitetea. Ningeweza kusema kwamba Februari 1891 wapiganaji wa Rindi waliandamana na Wissmann kwenda kumpiga Sina wa Kibosho, na kwamba Molelia aliyekufa siku moja na Meli alikuwa mwana wa Sina huyo huyo. Hoja ni nzuri darasani. Chini ya mti ule, mbele ya mzee aliyeshika fimbo na mwavuli, niliimeza.

Jumapili tulisali Kidia, mahali alipofanya kazi mchungaji Bruno Gutmann, Mjerumani aliyeandika mila za Wachagga kwa undani. Ibada ilikuwa ndefu. Baada yake shemeji alinionyesha kihamba cha wazazi wake, na kona ambapo mke wangu alikuwa akichota maji ya mfongo utotoni. Tulisimama hapo kitambo, mvua ikinyesha, bila kutaja habari za jana.

Wakati wa kuteremka mjini, mjukuu alifungua daftari lake mapajani. Alikuwa amejaza kurasa tatu.

"Babu, kuhusu Marealle niandike nini?"

Nikamwambia aandike miaka kwanza, na chini yake aache nafasi.