Raia na Fulana ya Kuzuia Risasi: Sheria Zilizofuata Mazishi

Alfajiri ya Juni 28, 1880, askari polisi waliokuwa wameizingira hoteli moja huko Glenrowan, katika koloni la Victoria nchini Australia, waligeuka wakaona mtu anatoka kwenye ukungu nyuma yao. Wakampiga risasi. Hakuanguka. Walimpiga tena, naye akazidi kusogea huku akifyatua bastola, hata baadhi yao wakaanza kunong'ona kwamba huyo si binadamu.

Alikuwa Ned Kelly, jambazi aliyesakwa tangu mwaka 1878 kwa mauaji ya askari watatu. Kichwani, kifuani na mgongoni alikuwa amejifunika chuma chenye uzito wa zaidi ya kilo 40, kilichofuliwa kutokana na vile vipande vya plau vinavyogeuza udongo. Miguu ilibaki wazi. Askari mmoja alipoliona hilo alishusha mtutu, na mambo yakaishia hapo. Novemba 11 mwaka huohuo Kelly alinyongwa Melbourne.

Alihukumiwa kwa mauaji. Vazi lenyewe halikuwa kosa, na ni nani angehangaika kulitungia sheria? Mwenye nguvu na wazimu wa kutembea na mzigo ule alikuwa mmoja kati ya maelfu. Hata Padri Casimir Zeglen, mhamiaji kutoka Poland, alipopata hataza za fulana yake ya hariri mwaka 1897, miaka minne baada ya meya wa Chicago, Carter Harrison, kuuawa kwa bastola, kinga hiyo ilibaki kuwa ya wenye fedha.

Mabadiliko yalitoka maabara. Mwaka 1965 mkemia Stephanie Kwolek wa kampuni ya DuPont aligundua nyuzi zilizokuja kuitwa Kevlar. Katika miaka ya 1970 Richard Davis, mwenye mgahawa wa piza mjini Detroit aliyewahi kushambuliwa na majambazi, akawa anauza fulana laini za nyuzi za aina hiyo, na ili kuwaondolea wateja shaka alijipiga risasi mwenyewe akiwa ameivaa. Sasa kinga ilivaliwa chini ya shati. Polisi waliinunua, na waliokimbizana na polisi nao wakainunua.

Novemba 1994 askari James Guelff aliuawa San Francisco na mtu aliyevaa fulana na kofia za kuzuia risasi. Februari 28, 1997, wanyang'anyi wawili wa benki huko North Hollywood walipambana na polisi wa Los Angeles kwa takriban dakika 44, bastola za askari zikigonga mavazi yao bila kufua dafu, hadi baadhi ya askari wakakimbilia duka la bunduki kuazima silaha nzito zaidi. Mnyang'anyi wa mwisho aliangushwa na askari waliopiga risasi kupitia chini ya gari. Walilenga miguu, kama kule Glenrowan.

Vifo na vitisho hivyo vilizaa sheria ya shirikisho nchini Marekani ya mwaka 2002, yenye jina la Guelff. Kwa maoni yangu ndiyo yenye busara kuliko zote, kwa sababu inamtazama mtu, si nguo: aliyewahi kutiwa hatiani kwa uhalifu wa kutumia nguvu haruhusiwi kuwa na vazi hilo, isipokuwa mwajiri athibitishe kwa maandishi kwamba kazi yake inalihitaji. Raia wengine sheria hiyo haiwagusi, ingawa majimbo yana masharti yao.

New York ilikwenda mbali zaidi, tena kwa haraka. Mei 14, 2022, mbaguzi wa rangi aliwaua watu 10 katika duka kubwa la Buffalo. Mlinzi wa duka, Aaron Salter, askari mstaafu, alimpiga risasi, ikagota kwenye vazi; Salter mwenyewe akauawa. Mwezi uliofuata jimbo likapiga marufuku kuwauzia fulana hizo watu wasio na kazi zinazozihitaji. Kichekesho, kama hapa pana pa kucheka, ni kwamba maneno ya sheria hiyo yaligusa fulana laini, ilhali muuaji alivaa mabamba magumu. Ikabidi irekebishwe wiki chache baadaye.

Kanada nako, jimbo la British Columbia lilipitisha sheria ya vibali mwaka 2009, wakati magenge yalipokuwa yakiuana Vancouver. Uingereza raia anaweza kumiliki bila kibali.

Hata hivyo, fulana haiui mtu. Dereva wa teksi wa usiku au muuza duka katika mtaa wa hatari ana haki ya kuogopa kufa, na marufuku ya jumla humgusa yeye kabla ya jambazi, ambaye hakuwahi kuomba kibali cha chochote.

Australia haikubali hoja hiyo. New South Wales imeiorodhesha fulana ya kuzuia risasi kati ya silaha zilizopigwa marufuku, na Victoria, jimbo la Ned Kelly, inakataza kuimiliki bila kibali au msamaha chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha ya mwaka 1990. Kuiingiza nchini pia kunahitaji ruhusa. Kwa hiyo mlinzi au mwandishi wa habari anayesafiri na fulana yake kwenda Sydney au Melbourne aombe kibali kabla ya kupanda ndege.