Kontakta, na tahadhari ya kitenzi "funga"

kontakta nm [i-/zi-] swichi ambayo ncha zake huunganishwa kwa nguvu ya sumakuumeme badala ya mkono wa mtu. Hutumika kuwashia na kuzimia mota kubwa. *Fundi amebadilisha kontakta ya karasha.*

Mfano wa karasha umechaguliwa kwa makusudi. Katika machimbo madogo ya Geita na Shinyanga, karasha ni mashine ya kusagia mawe ya dhahabu. Inapoendeshwa kwa umeme wa njia tatu, mota yake hupokea volti 400, na haifai mwendeshaji aushike umeme huo kwa swichi ya mkononi. Yeye hubonyeza kitufe tu. Umeme mdogo, mathalani wa volti 24, hupita katika koili, koili ikageuka sumaku, sumaku ikavuta kipande cha chuma chenye ncha tatu, nazo zikaifungulia mota njia ya umeme mkubwa. Umeme mdogo ukikatika, springi huzirudisha ncha na mota husimama. Saketi hizo mbili hazikutani: moja hutoa amri, nyingine hubeba mzigo.

Rilei hufanya kazi kwa kanuni hiyohiyo, lakini kwa mzigo mdogo. Mfasiri asiyabadilishane maneno haya. Mota inapoanza kuzunguka huvuta mkondo mara tano au zaidi ya ule wa kawaida, na ncha za rilei ndogo huungua au kugandana. Zikigandana, kitufe cha kuzimia hakifui dafu.

Penye mtego hasa ni kitenzi *funga*. Kiingereza husema saketi "imefungwa" pale mkondo unapopita, na "iko wazi" pale usipopita. Kwa Mswahili mambo ni kinyume: aliyefunga bomba amezuia maji, na aliyelifungua ameyaachia. Basi sentensi "hakikisha saketi iko wazi kabla ya kugusa mota", iliyofasiriwa neno kwa neno, humfanya msomaji adhani anatakiwa kuuachia umeme upite. Isitoshe, *kufunga mota* ni kuisimika mahali pake, na *kufunga umeme* ni kuuingiza nyumbani. Kitenzi kimoja, maana tatu, na mojawapo yaweza kuua.

Tunapendekeza *ungana* na *achana* kwa ncha, *kamilika* na *katika* kwa saketi:

*Kitufe kikibonyezwa, ncha za kontakta huungana.*
*Kitufe chekundu kikibonyezwa, saketi ya koili hukatika.*

Vitabu vya fizikia vinavyosema "saketi funge" vina haki yao darasani, ambako mwalimu yupo wa kufafanua. Kibao kilichopigiliwa ukutani hakina mwalimu.

Tofauti ya pili ni ya *zima* na *kata*. Kitufe chekundu huzima mota, hakikati umeme. Karasha ikiwa kimya, volti 400 bado zinangoja upande wa juu wa kontakta, na amri ya volti 24 yaweza kurudi bila mtu kubonyeza chochote. Pampu ya maji ya mwalo inayoongozwa na boya ni mfano mzuri: maji yakipungua tangini, boya hushuka, koili hupata umeme na pampu huanza yenyewe, hata kama fundi ana mkono kwenye mkanda. Kukata ni kazi ya swichi kuu, ambayo fundi huitia kufuli na kukaa na ufunguo wake.

Kwa hiyo "zima mashine kabla ya kuifanyia matengenezo" ni tafsiri pungufu, ijapokuwa haina kosa la sarufi. Iandikwe: *Kata umeme kwenye swichi kuu, tia kufuli, kisha pima kwa kipimo cha volti kabla ya kugusa.* Ni ndefu kwa kibao kidogo. Kibao kiongezwe upana.