Kenya: Morani Walipoingia Jeshini

Mwaka 1929 tabibu wa Kiingereza, C.P. Donnison, aliyefanya kazi katika Kavirondo ya Kusini, magharibi ya Kenya, alitangaza matokeo ya kupima shinikizo la damu la wenyeji wapatao 1,000. Huko Ulaya shinikizo hilo lilijulikana kupanda kadiri umri unavyoongezeka. Kavirondo halikupanda, kwa wazee lilishuka.

Ingekuwa rahisi kudhani kwamba Mwafrika amezaliwa na kinga. Dhana hiyo ilikanushwa baadaye, na miongoni mwa waliotoa ushahidi ni askari.

Katika miaka ya 1960 Dakta Gerald Shaper wa Makerere, Kampala, pamoja na wenzake, waliwachunguza Wasamburu, wafugaji wa kaskazini ya Kenya. Chakula chao kikuu kilikuwa maziwa, chumvi yao ilikuwa haba, na siku zao zilipita wakitembea na mifugo. Shinikizo lao la damu lilikuwa la chini, vijana kwa wazee. Kisha wakachunguzwa morani waliojiunga na Jeshi la Kenya. Kambini walipata posho ya kushiba, yenye chumvi nyingi kuliko waliyoizoea. Kadiri utumishi ulivyoendelea, shinikizo lao likapanda. Habari hizo zilichapishwa mwaka 1969. Ukoo ulikuwa ule ule. Kilichobadilika ni chakula na mwenendo wa siku.

Mwaka 1990 ukachapishwa uchunguzi mwingine, wa Wajaluo zaidi ya 300 waliohama vijijini kwenda Nairobi. Walilinganishwa na wenzao waliobaki nyumbani. Muda si mrefu baada ya kuhamia mjini, shinikizo lao lilikuwa juu zaidi, uzito umeongezeka, na chumvi imezidi katika mkojo. Hata mapigo ya moyo yalikwenda kasi, dalili kwamba mishipa ya fahamu nayo haikutulia. Mji huulemea mwili na akili kwa pamoja.

Funzo hili lawahusu hasa walinzi wa Taifa. Askari huingia kikosini akiwa kijana mkakamavu. Hufuata lindo la usiku, usingizi wa vipande, kutengana na jamaa, na pengine chupa ya kusahaulisha mawazo. Akipandishwa cheo, kiti huchukua nafasi ya mwendo. Shinikizo la damu halipigi baragumu. Laweza kukaa miaka bila maumivu, kisha likavunja moyo, figo au ubongo.

Shirika la Afya Duniani hushauri chumvi isiyofika gramu 5 kwa siku, yaani kiasi cha kijiko kimoja cha chai. Hapana budi jiko la kambi lizingatie hayo, mazoezi yasiishie kwa wenye vyeo vya chini, na upimaji uwe desturi. Wala askari anayemweleza tabibu kwamba hapati usingizi asihesabiwe kuwa mwoga. Posho na zamu hupangwa kwa amri. Basi madhara yake nayo yaweza kupunguzwa kwa amri.