Kidato cha Sita na Mizani Yake

Wasomaji wetu wengi wana mtoto au mjukuu aliyepita kidato cha sita, nao wajua jinsi nyumba nzima inavyokosa usingizi siku za kungoja majibu ya mtihani. Lakini si wengi wanaojua ya kuwa mtihani ule una historia yake, na ya kuwa nchi yetu ilijaribu wakati mmoja kuupunguzia enzi. Tumeona vema kuieleza habari hiyo, kwa sababu ndani yake mna swali litugusalo sote: ni nani awezaye kusema ya kuwa kijana huyu anafaa?

Zamani za Waingereza swali hilo lilijibiwa mbali sana. Chuo Kikuu cha Cambridge kilikuwa na baraza la mitihani tangu 1858, na mwaka 1863 mtihani wake wa kwanza wa ng'ambo ulifanywa katika kisiwa cha Trinidad. Baadaye ukafika na huku kwetu. Kijana wa Tabora au wa Pugu aliandika majibu yake kwa Kiingereza, karatasi zikafungwa, zikavuka bahari, zikasahihishwa na mtu asiyeijua nchi yake. Hatusemi ya kuwa kazi ile ilifanywa vibaya. Tena ilikuwa na sifa moja ambayo yafaa tuishike mpaka mwisho wa habari hii: msahihishaji yule hakujua kama mwandishi ni mtoto wa jumbe au wa mchunga mbuzi, wala hakujali.

Waliofika mwisho wa njia hiyo walikuwa wachache mno. Mwaka wa uhuru, 1961, wanafunzi wa sekondari katika Tanganyika nzima walikuwa 11,832, na katika hao walio kidato cha sita ni 176 tu. Hata mwaka 1967 hawakuwa zaidi ya 830. Basi si ajabu wengine wakajiona kuwa watu wa namna ya peke yao. Oktoba 1966 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliandamana hadi Ikulu kuipinga amri ya kulitumikia Jeshi la Kujenga Taifa na kupokea sehemu tu ya mshahara kwa muda wa utumishi huo. Na miongoni mwa mabango yao yalikuwamo ya kusema ya kuwa heri wakati wa mkoloni. Rais Nyerere aliwarudisha makwao zaidi ya mia tatu, na siku ile ile akatangaza kupunguza mshahara wake mwenyewe kwa sehemu moja katika tano.

Miezi mitano baadaye, Machi 1967, akatoa Elimu ya Kujitegemea. Yeye mwenyewe alikuwa amefundisha Pugu, akayajua madarasa kwa ndani. Alisema ya kuwa mtihani hupima uwezo wa kujifunza mambo na kuyaeleza kwa muda uliowekwa, lakini haupimi vema uwezo wa kufikiri, na tabia ya mtu na nia yake ya kutumikia wenzake haupimi kabisa. Mwaka 1971 Tanzania ikajitoa katika Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki, lililokuwa likishirikiana na Cambridge, na mwaka 1973 sheria ikaanzisha Baraza letu wenyewe. Watungaji wa maswali walikuwa wamebadilika. Namna ya kupima ilikuwa ile ile.

Ndipo Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya TANU ikakutana Musoma, ikaamua mambo mawili mazito kwa kidato cha sita. La kwanza, kijana asiingie tena Chuo Kikuu moja kwa moja. Atumikie kwanza jeshi hilo mwaka mmoja, kisha afanye kazi miaka miwili, halafu aje na barua ya mwajiri wake na ya Chama kushuhudia mwenendo wake. La pili, mtihani wa mwisho usihukumu peke yake. Kazi za darasani, majaribio, kazi za mikono na tabia zihesabiwe pia. Na tangu 1976 hayo yakapewa nusu ya alama zote.

Nia ilikuwa njema, na sisi tuliipokea kwa furaha. Lakini lile la kwanza lilileta dhara ambalo, kwa kadiri tuonavyo, wakubwa hawakulitazamia. Wasichana walipungua sana Chuo Kikuu. Kwani miaka ile mitatu ndiyo miaka ya posa na ya kuzaa, na msichana aliyekwisha kuwa na mume na mtoto hakuweza tena kufunga mizigo na kwenda Dar es Salaam. Muda si mrefu wasichana wakaruhusiwa kuingia bila kungoja, na katika miaka ya 1980 njia ya moja kwa moja ikafunguliwa kwa wote.

Lile la pili lilidumu zaidi, nalo lilitufanya sisi waalimu kuwa mahakimu. Kumpa mtu alama za hesabu ni kazi rahisi. Kumpa alama za heshima, au za bidii, au za kuipenda kazi, hilo latisha. Mwalimu mwenye wanafunzi arobaini humjua nani? Humjua aliye mkimya, na hapo ukimya waweza kuitwa adabu.

Twamkumbuka kijana mmoja aliyekuwa na desturi ya kuuliza. Alitaka kujua sababu ya kila jambo: kwa nini shamba la shule lilimwe pale penye mawe, na mahindi yaliyovunwa yalikwenda wapi. Maswali yake yalikuwa ya haki. Naam, ndiyo yale ya kufikiri ambayo Elimu ya Kujitegemea iliyataka. Siku ya kujaza karatasi za tabia jina lake liliposomwa, mmoja wetu alicheka, mwingine akataja alama ya chini kabisa ya heshima, ikaandikwa. Nasi tulikuwamo chumbani, hatukusema neno. Alama ile ikajumlishwa pamoja na nyingine, ikatiwa katika bahasha. Jioni ile, tukirudi nyumbani, tulimfikiri yule msahihishaji wa ng'ambo asiyemjua mtu.