Dawa kuandikishwa kabla ya kujaribiwa: tangu lini?

Leo naziacha kando stori za foleni ya chakula. Kuna mshikaji wangu anasoma famasia, alikuwa anatuambia kwamba jaribio lolote la dawa kwa binadamu lazima lisajiliwe kwenye daftari la wazi kabla mtu wa kwanza hajaingizwa. Anaongea kama vile ni amri ya tangu enzi za manabii. Sisi watu wa historia tukisikia "lazima" tunauliza: tangu lini, na nani alilazimisha? Nikaenda kuchimba. Kumbe ni mambo ya juzi tu, na waliolazimisha kweli kweli ni wahariri wa majarida!

Ugonjwa wenyewe ulijulikana mapema. Mwaka 1986 mtafiti John Simes alilinganisha majaribio ya tiba ya saratani ya ovari. Ukisoma yaliyochapishwa tu, kuchanganya dawa kadhaa kulionekana kurefusha maisha. Ukichukua yale yaliyoorodheshwa tangu mwanzo, yaliyochapishwa na yasiyochapishwa, faida ile inayeyuka. Ni sawa na mkuu wa shule abandike majina ya waliofaulu peke yao, halafu atangaze shule yake haina sifuri. Simes akapendekeza daftari la kimataifa. Watu wakaendelea na shughuli zao.

Marekani walitunga sheria mwaka 1997, na Februari 2000 tovuti ya ClinicalTrials.gov ikafunguliwa. Lakini sheria ile iligusa magonjwa makubwa tu, na kampuni ziliichukulia kiaina aina. Wengine kwenye nafasi ya jina la dawa walikuwa wanajaza "dawa ya majaribio", basi. Sasa hapo umesajili nini?

Halafu ikaja 2004. Mwezi Juni Mwanasheria Mkuu wa jimbo la New York, Eliot Spitzer, aliishtaki GlaxoSmithKline kwamba imeficha matokeo mabaya ya paroxetine, dawa ya sonona, kwa watoto na vijana. Jaribio lililosemwa sana linaitwa Study 329, la vijana 275 wa miaka 12 hadi 18. Mpango wake ulitaja mapema vipimo vikuu viwili, na dawa haikushinda hata kimoja. Makala iliyotoka 2001 ikapamba vipimo vingine na kusema dawa inafaa na ni salama. Walimu wenzangu mnanielewa: huo ni kubadili mwongozo wa kusahihisha baada ya kuona majibu ya mwanafunzi. Mwaka 2015 watafiti wengine walichambua upya data zile zile, wakakuta haikuwa bora kuliko kidonge kisicho na dawa, na madhara yalikuwepo, pamoja na vijana kufikiria kujiua. Yaani hapa hatuongelei makaratasi.

Kampuni ilimaliza kesi Agosti 2004 kwa dola milioni 2.5, hela ya soda kwao. Septemba hiyo hiyo wahariri wa majarida makubwa ya tiba duniani wakatangaza: jaribio litakaloanza kuandikisha watu kuanzia Julai 1, 2005, kama halikusajiliwa kabla, hatulichapishi. Hakuna polisi, hakuna faini. Lakini mtafiti asiyechapisha ni mwanafunzi asiye na matokeo, atapandaje cheo? Kati ya Mei na Oktoba 2005 daftari la Marekani lilipanda kutoka majaribio 13,153 hadi 22,714. Miezi mitano! Sheria ilikuwa na miaka minane.

Baada ya hapo wengine wakafuata haraka. WHO ikafungua mwaka 2007 lango la kutafutia madaftari ya nchi mbalimbali, na mwaka 2008 Azimio la Helsinki likaingiza usajili kwenye maadili. Afrika ilianza 2007 na daftari la UKIMWI, kifua kikuu na malaria pale Cape Town, ambalo 2009 likawa la magonjwa yote. Mwaka 2009 ndipo pia lilipoanza lile jaribio kubwa la chanjo ya malaria ya RTS,S, watoto zaidi ya 15,000 katika nchi saba, wakiwemo wa Bagamoyo na Korogwe. Limo kwenye daftari, mtu yeyote analiona.

Tatizo likahamia kwenye matokeo. Sheria ya Marekani ya 2007 inataka matokeo yawekwe ndani ya mwaka mmoja, na ilipotungwa iliweka faini ya hadi dola 10,000 kwa siku. Uchunguzi uliotoka 2020 ukakuta kati ya majaribio 4,209 yaliyotakiwa, asilimia 41 tu yaliwahi, na hadi wakati huo serikali haikuwa imekusanya hata senti ya faini. Na daftari lenyewe ni Kiingereza kitupu. Mama wa Korogwe aliyembeba mwanae kwenda kuchanjwa akitaka kujua jaribio liliishaje, ataanzia wapi? Wa famasia, nawasubiri kwenye maoni, na msije na "lazima" yenu.