Hongo, Mwenye Kukaa Majini

Wasikilizaji, katika Misri ya kale watu walimwabudu Sobek, mungu mwenye kichwa cha mamba. Waliwafuga mamba mahekaluni, na walipokufa waliwakausha kwa dawa na kuwazika kwa heshima. Walimwogopa, na kwa kumwogopa walimwomba awalinde. Twamtaja kwa kuwa kusini kwetu pia aliogopwa mmoja akaaye majini, jina lake Hongo.

Hongo hakuchongewa sanamu. Alikuwa pepo wa mtoni, chini ya Bokero, ambaye watu wa Rufiji walimwendea kuomba mvua. Wengine walisema ana umbo la nyoka mkubwa. Mwaka 1904 alimpanda Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe. Wazee walisimulia ya kuwa alitambaa kwa tumbo hata akatoweka kilindini. Jamaa zake wakalala ukingoni wakimlilia. Waliojua kuogelea wakapiga mbizi, wasimwone. Asubuhi ya pili akatoka mzima, na nguo zake kavu. Nadhani zetu, nguo zile kavu ziliwatisha watu kuliko nyoka yeyote. Akajenga nyumba iitwayo Kijumba-nungu, makundi yakamwendea, akawapa maji ya dawa yenye mtama, akisema risasi za Wadachi zitageuka maji.

Wadachi walimnyonga huko Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, lakini dawa ilikwisha kutoka. Wajumbe wake, ambao nao waliitwa hongo, waliipeleka Liwale, ikafika kwa Wamwera wa Nachingwea na Ruangwa. Tarehe 14 Agosti Askofu Cassian Spiss aliuawa karibu na Liwale, pamoja na mabradha wawili na masista wawili. Kisha misheni za Lukuledi na Nyangao zikatiwa moto.

Sisi tuliosomeshwa na misheni tulizoea kuyaita haya ushenzi mtupu. Neno hilo “mtupu” hatulikubali. Watu waliolimishwa pamba kwa kiboko, wa makabila yasiyosikizana, walipata wapi neno moja la kuwakusanya, ila kwa yule waliyemwogopa wote?

Maji hayakuzuia risasi. Wapiganaji walijifunga mabua ya mtama vichwani. Ndio mtama huohuo Wadachi waliouchoma mashambani na ghalani. Vita vilipokwisha mwaka 1907, njaa ilikuwa imeua wengi kuliko bunduki, na wataalamu wa siku hizi hukadiria waliokufa kuwa hata 300,000.